Mlipuko hutokea juu, tetemeko hutokea chini: Jua hutikiswaje?

Msomaji ameuliza: “Nimesoma kwamba mlipuko wa Jua huweza kuzusha tetemeko ndani ya Jua lenyewe, mawimbi yakaenea kama ya tetemeko la ardhi. Mambo mawili yananitatiza. Jua ni gesi, halina miamba ya kuvunjika, sasa linatetemekaje? Halafu milipuko hiyo hutokea juu kwenye korona, tabaka la nje la Jua, ambako gesi ni nyepesi mno. Kitu chepesi hivyo kinapata wapi ubavu wa kutikisa kizito kilicho chini yake?”

Swali lako la pili limegusa penyewe. Ni hilohilo ambalo watafiti wa Jua wamekuwa wakibishana juu yake tangu miaka ya 1990, na ndilo nitakalolipa nafasi kubwa. La kwanza halina ugumu, ila tukilielewa vizuri litatufungulia njia ya kufika kwenye la pili.

Kutetemeka hakuhitaji mwamba. Kinachohitajika ni kitu ambacho ukikibana kinajitahidi kurudi kilivyokuwa, na gesi hufanya hivyo vizuri sana. Ndiyo maana sauti hupita hewani. Tetemeko la ardhi hupeleka ndani ya dunia mawimbi ya namna mbili. Yapo ya mbano, ambayo kwa kweli ni sauti inayopita kwenye mwamba, na yapo yanayosukuma mwamba upande kwa upande. Haya ya pili hayawezi kupita kwenye kitu kisicho na ugumu, kwa hiyo Jua halinayo. Ya mbano linayo tele. Tunaposema tetemeko la Jua, tunasema sauti: wimbi la mbano linalozama ndani ya mpira wa gesi wenye nusu kipenyo cha kilomita 696,000 na kuibuka tena mahali pengine.

Tena Jua halisubiri mlipuko ndipo litetemeke. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Leighton na wenzake walipima mwendo wa gesi kwenye uso wa Jua wakakuta unapanda na kushuka, kila mzunguko ukichukua dakika 5 hivi. Miaka kumi baadaye ikaeleweka kwamba ni mawimbi ya sauti yaliyonaswa ndani ya Jua, na mwaka 1975 vipimo vya Franz-Ludwig Deubner vikaondoa shaka. Kinachoyazalisha ni gesi moto inayochemka chini ya uso, ikipanda na kushuka bila kukoma, kila mahali kwa wakati mmoja. Kutokana na mawimbi hayo ndipo ilipozaliwa elimu ya mitetemo ya Jua, ambayo imetuwezesha kujua halijoto na mzunguko wa tabaka ambazo hakuna darubini itakayoziona.

Tofauti ya tetemeko la mlipuko ni kwamba lina mahali na lina saa. Mitetemo ya kawaida ni makelele yanayotoka kila upande. Hili ni pigo moja, linalotua kwenye eneo lenye upana wa kilomita elfu chache, katika dakika inayojulikana. Kwa mtu anayetaka kujua namna Jua linavyopokea nguvu na kuipitisha, hiyo ni bahati ya pekee, kwa sababu tunaijua saa ya kuanza na tunaweza kufuatilia wimbi hatua kwa hatua.

Wazo lenyewe lilitangulia ushahidi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1972 Charles Wolff alipiga hesabu akaonyesha kwamba mlipuko mkubwa unaweza kulifanya Jua litetemeke. Hakukuwa na chombo cha kulithibitisha hilo. Ilibidi kungoja chombo cha anga za juu cha SOHO, kilichorushwa Desemba 1995 kikiwa na kifaa cha kupima mwendo wa gesi kwenye uso wa Jua mfululizo, usiku na mchana, bila mawingu. Tarehe 9 Julai 1996 ukatokea mlipuko wa daraja X2.6 (milipuko hupangwa kwa nguvu ya eksirei zake: X ndilo daraja la juu kabisa, M linafuata, kisha C). Alexander Kosovichev na Valentina Zharkova walipopitia picha za saa ile waliona duara za mawimbi zikitanuka kutoka palipotokea mlipuko. Walichapisha matokeo yao mwaka 1998. Wakilinganisha na vipimo vya matetemeko ya ardhi, walikadiria ukubwa wake kuwa 11.3, nguvu inayozidi mara 40,000 ile ya tetemeko lililoangamiza San Francisco mwaka 1906.

Picha zile zilienea dunia nzima kwa sababu zinafanana kabisa na bwawa lililotupiwa jiwe. Mfano huo ni mzuri, na mimi mwenyewe huutumia, lakini una mahali unapopotosha, na papo hapo ndipo penye fizikia yenyewe. Viwimbi vya bwawani husafiri juu ya maji, na mwendo wake haubadiliki sana. Duara za Jua zilianza na mwendo wa kilomita 10 hivi kwa sekunde, zikazidi kuongeza kasi, na zilipofika umbali wa kilomita 120,000 zilikuwa zimepita kilomita 100 kwa sekunde. Zikatoweka. Wimbi gani linaongeza mwendo kadiri linavyochoka?

Jibu ni kwamba hatuoni wimbi moja likikimbia juu ya uso. Pigo hupeleka sauti chini kwa pembe nyingi. Ndani ya Jua halijoto huongezeka kadiri unavyozama, na kwenye gesi yenye joto zaidi sauti hukimbia zaidi: karibu na uso ni kilomita 7 au 8 kwa sekunde, karibu na kitovu ni kama 500. Sehemu ya wimbi iliyo chini zaidi huitangulia iliyo juu, wimbi likapinda taratibu mpaka likageuka na kurudi juu. Lililoondoka kwa kulalia ubavu huzama kidogo na kuibuka karibu. Lililoondoka kwa kuelekea chini zaidi huzama sana, hupita kwenye tabaka za mwendo kasi na kuibuka mbali. Duara tunayoiona ni msururu wa mawimbi yanayoibuka moja baada ya jingine, kila moja likiwa limetoka kina kikubwa kuliko lililotangulia. Kuna kanuni nadhifu hapa: mwendo wa duara mahali fulani juu ya uso ni sawa na mwendo wa sauti kwenye kina ambako wimbi lililoibuka hapo liligeukia. Kwa hiyo duara inapotanuka inatusomea halijoto ya ndani, tabaka baada ya tabaka. Kila ninapoitazama hunisisimua.

Ningependa uone pia jinsi tunavyoitafuta duara hiyo, kwa sababu picha safi zinazosambazwa huficha kazi iliyopo. Kifaa kinachotumika zaidi leo ni HMI, kilichomo kwenye chombo cha SDO kilichorushwa Februari 2010. Hupiga picha ya Jua zima, pikseli 4096 kwa 4096, na kila baada ya sekunde 45 hutoa ramani ya mwendo: kila pikseli inaonyesha gesi ya pale inatukaribia au inaondoka, kwa kupima jinsi mstari mmoja wa rangi wa chuma ulivyohama kidogo upande wa bluu au wa nyekundu. Ukifungua ramani ya dakika ya mlipuko utaona, kandokando ya madoa meusi, vidoa vichache vilivyokolea ghafla, gesi ikisukumwa chini hata kwa kilomita moja au zaidi kwa sekunde. Ramani inayofuata, vinaanza kufifia. Baada ya ramani tatu au nne vimekwisha. Kisha hakuna kitu. Dakika 10 hakuna kitu, 15 hakuna kitu, kwa sababu mawimbi yamo ndani bado, na yale machache yaliyoibuka karibu yamepotea kwenye vurugu za madoa. Kwenye dakika ya 20 hivi, kilomita kama 20,000 kutoka pale, unajitokeza ukingo mwembamba. Unapanda na kushuka kwa makumi tu ya mita kwa sekunde, huku uso mzima wa Jua ukichemka kwa mamia ya mita kwa sekunde. Jicho lisilozoea halioni chochote.

Ndipo inapohitajika michujo. Makelele ya kawaida ya Jua yamejaa kwenye masafa, yaani wingi wa mitetemo kwa muda fulani, ya milihezi 3 hivi (mitetemo 3 kila sekunde 1,000), ndiyo ile mizunguko ya dakika 5. Pigo la ghafla hutoa pia masafa ya juu, kwa hiyo tunaondoa yale ya chini na kubakiza milihezi 5 hadi 7, ambako Jua limetulia zaidi. Halafu tunakusanya pamoja pikseli zote zilizo umbali sawa kutoka kwenye kidoa, na kuchora umbali dhidi ya wakati. Kama kuna tetemeko, utajitokeza mstari uliopinda, na mpindo wake lazima ulingane na hesabu ya mwendo wa sauti. Usipolingana, ulichokiona si tetemeko. Ipo pia mbinu ya pili, ya kuyarudisha mawimbi nyuma kwa hesabu hadi yakutane yalikotoka, mbinu iliyokuzwa na Charles Lindsey na Douglas Braun. Nitairudia hivi punde, kwa kuwa ndiyo iliyoleta jambo la kushangaza kuliko yote.

Sasa tuingie kwenye swali lako la pili. Umesema kweli kwamba korona ni nyepesi. Kutoka kwenye fotosfia, yaani uso tunaouona, hadi kwenye korona, idadi ya chembe katika ujazo uleule hupungua kama mara milioni mia moja. Na hiyo fotosfia nayo usiifikirie kama kitu cha kukanyagika. Gesi yake ni nyepesi maelfu ya mara kuliko hewa ya usawa wa bahari. Gesi ya korona peke yake isingeweza kutikisa chochote. Lakini nishati ya mlipuko haimo kwenye gesi. Imo kwenye uga wa sumaku, na uga huo haukuzaliwa huko juu: mizizi yake imo chini ya uso, kwenye gesi nzito inayozunguka na kuusokota kwa siku nyingi. Korona ni mahali ambapo msokoto huo unalimbikizwa. Siku mistari ya uga iliyoelekeana kinyume inapokatika na kujiunga upya, kilicholimbikizwa kwa siku kadhaa hufunguliwa kwa dakika chache. Kwa mlipuko mkubwa kabisa ni karibu jouli 1 yenye sifuri 25 nyuma yake. Tetemeko lenye nguvu huhitaji kiasi chenye sifuri 21 hivi. Ni nyingi kwetu, inazidi nishati yote ambayo dunia hutumia kwa mwaka, lakini kwa mlipuko ni makombo: mara nyingi haifiki hata sehemu moja kwa elfu ya nishati yake.

Kwa hiyo usiulize kama mlipuko una nguvu za kutosha. Unazo na kuzidi. Kigumu ni kuzifikisha chini. Kati ya korona na fotosfia kuna kromosfia, tabaka ya kilomita 2,000 hivi, na kila njia tunayoijua ya kupeleka nishati chini hukwamia humo kwa namna moja au nyingine.

Njia iliyofikiriwa kwanza ni ya chembe. Mlipuko hurusha elektroni kwa mwendo unaokaribia nusu ya mwendo wa mwanga, zikafuata mistari ya sumaku kushuka. Tunajua zinashuka kwa sababu zinapogonga gesi nzito hutoa eksirei kali ambazo vyombo vyetu hunasa. Kromosfia hupashwa joto ghafla hadi mamilioni ya digrii. Sehemu yake hulipukia juu, na kwa kuwa kila msukumo una mrejesho wake, sehemu nyingine husukumwa chini kama wimbi la mshtuko. Kosovichev na Zharkova waliueleza mlipuko wa 1996 kwa njia hiyo, na ni maelezo yenye mantiki. Dosari yake ni kwamba elektroni za kawaida za mlipuko, zenye nishati ya makumi ya kiloelektronivolti, huishiwa nguvu katikati ya kromosfia. Ili ifike kwenye fotosfia elektroni inahitaji karibu megaelektronivolti 1, yaani kiloelektronivolti 1,000, na za namna hiyo ni chache. Wimbi la mshtuko nalo, likiwa njiani, hupoteza nishati kwa kung'aa. Halafu linahitaji muda kushuka, ilhali mara nyingi fotosfia huonekana kupigwa karibu sambamba na eksirei, bila kuchelewa kwa kiasi ambacho mshtuko ungehitaji.

Wengine wamezigeukia protoni. Kwa nishati ileile, protoni hubeba msukumo kama mara 40 kuliko elektroni, na tetemeko ni suala la msukumo kama lilivyo la nishati. Tatizo ni ushahidi. Protoni hazitangazi ujio wake kwa eksirei kama elektroni, na mionzi ya gama inayoweza kuzifichua hupimwa kwenye milipuko michache tu mikubwa.

Njia nyingine ni ya mwanga. Kromosfia iliyopashwa joto hung'aa, na sehemu ya mwanga huo humiminika chini na kuipasha fotosfia moja kwa moja bila chembe yoyote kufika. Alina Donea na Charles Lindsey waliitetea njia hii kwa sababu matetemeko mengi hutokea palepale ambapo mlipuko unaonekana kwa mwanga mweupe wa kawaida, aina ileile ya mlipuko ambayo Richard Carrington aliiona kwa darubini tarehe 1 Septemba 1859. Kulandana kwa mahali ni kwa kweli, nimekuona kwenye data mara nyingi. Hata hivyo iko milipuko mingi ya mwanga mweupe isiyozusha tetemeko lolote, na hilo linanifanya niamini kwamba mwanga huandamana na pigo kuliko kuwa pigo lenyewe.

Njia ya mwisho ndiyo inayojibu swali lako kwa unyoofu zaidi, maana haihitaji kitu chochote kianguke kutoka juu. Mistari ya sumaku inapojiunga upya katika korona, umbo la uga hubadilika hadi kwenye mizizi yake. Mwaka 2005 Jeffrey Sudol na John Harvey walichunguza milipuko 15 ya daraja X wakakuta kwamba uga kwenye fotosfia hubadilika ghafla wakati wa mlipuko na haurudi ulivyokuwa. Miaka mitatu baadaye Hugh Hudson na wenzake wakaonyesha kwamba badiliko hilo lina maana ya kani: uga ukilala zaidi kuliko ulivyokuwa, gesi ya chini husukumwa kuelekea ndani. Hapo si chepesi kinachokipiga kizito. Ni mvutano uliokuwa umelisimamisha eneo zima, ukaachiliwa kwa mara moja. Napenda hoja hii, ila haijashinda. Badiliko la uga mara nyingi huchukua dakika kadhaa, ambazo ni nyingi mno kwa pigo linalotoa masafa ya juu, na mahali pa badiliko kubwa na mahali pa tetemeko hapalingani siku zote.

Ukitaka kuona kwa nini hakuna hata moja kati ya njia hizi inayotosha peke yake, tazama ni milipuko ipi inayozusha matetemeko. Mtu angetegemea kwamba mikubwa ndiyo itikise. Baada ya ule wa 1996 ilipita miaka kadhaa, milipuko ya daraja X ikatokea mingi, na watu wasipate tetemeko jingine la kuaminika mpaka walipochambua milipuko mikubwa ya mwishoni mwa Oktoba 2003. Tarehe 15 Januari 2005 mlipuko wa X1.2, usio wa kutisha, ukatoa mojawapo ya matetemeko makali kuliko yote yaliyopimwa. SDO ilipoanza kazi, Ivan Sharykin na Kosovichev walipitia mamia ya milipuko ya daraja M na X ya mzunguko wa 24 wa Jua (kila mzunguko ni miaka 11 hivi ya milipuko na madoa kuongezeka na kupungua), wakakuta tetemeko katika mmoja kati ya mitano hivi. Kulikuwa na mikubwa iliyokaa kimya na ya wastani iliyotikisa sana. Tarehe 17 Februari 2013 hata mlipuko wa daraja C, ulio chini ya M mara kumi kwa kipimo cha eksirei, ulitikisa. Kilichojitokeza ni kwamba ukubwa wa jumla si kigezo kizuri. Kigezo bora ni haraka ambayo nishati inaachiliwa. Mlipuko unaopanda taratibu kwa nusu saa hupasha joto sana lakini hautikisi. Unaofyatuka kwa dakika moja mahali pembamba hutikisa.

Hilo linakubaliana na akili ya kawaida ya mawimbi. Ukiisukuma gesi polepole itajipanga upya bila kelele. Ili sauti itoke, msukumo lazima uishe kabla gesi haijapata muda wa kuukwepa, na karibu na uso wa Jua muda huo ni dakika chache tu.

Sasa nirudi kwenye ile mbinu ya kuyarudisha mawimbi nyuma. Tarehe 30 Julai 2011 ulitokea mlipuko wa M9.3. Lindsey pamoja na kundi lililowajumuisha Juan Carlos Martínez Oliveros, Juan Camilo Buitrago-Casas na Donea waliyatafuta mawimbi yake kwenye milihezi 10, mara tatu ya masafa ya kawaida ya Jua. Wimbi la masafa ya juu ni fupi, na likiwa fupi linaonyesha chanzo chake kwa ukali zaidi. Walipoyarudisha mawimbi hadi kwenye uso, taswira ilikuwa na ukungu. Walipoendelea kuyashusha chini ya uso, ikazidi kukolea, na ilikuwa kali kabisa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 1,000. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2020.

Tafakari maana yake. Kama pigo lilitua kwenye fotosfia kutoka juu, chanzo kilipaswa kuwa kwenye fotosfia. Chanzo kilicho kilomita 1,000 chini hakiwezi kuelezwa kwa elektroni, wala protoni, wala mwanga. Hakuna hata kimoja kinachofika huko. Kilichobaki ni uga wa sumaku wenyewe, unaopita kutoka korona hadi ndani bila kukatika. Wapo wanaofikiri kwamba mlipuko wa juu ulivuta tu kilichokuwa tayari kimekazwa chini: nishati ya tetemeko ilikuwa imelimbikizwa ndani, na mlipuko ukaifungulia njia. Kama ni hivyo, tetemeko la Jua linafanana na la ardhi zaidi ya tulivyodhani, kwa maana ya mkazo unaongoja kisababishi kidogo.

Kwa upande wangu naona si busara kulipa tukio moja uzito wa kanuni. Matetemeko mengine, kama la 15 Februari 2011, yana vyanzo vinavyoelezeka vizuri kwa pigo la juu, baadhi yao kwenye ncha za kamba ya sumaku, yaani fungu la mistari ya uga iliyosokotwa, iliyokuwa ikifyatuka kwenda angani. Huenda tunaita kwa jina moja mambo mawili tofauti. Lakini tukio la Julai 2011 limetulazimisha tuache kuchukulia kwamba kila kitu huanzia juu, na hilo ni badiliko kubwa kwa fani iliyokuwa na mchoro mmoja vichwani mwa watu.

Kuhusu hatari, ingawa hukuuliza: tetemeko lenyewe halina njia ya kutufikia. Sauti haivuki utupu wa anga. Kinachotufikia kutoka kwenye mlipuko ni eksirei na mionzi ya urujuanimno, baada ya dakika 8 na sekunde 20, na wakati mwingine wingu la gesi yenye sumaku siku moja hadi tatu baadaye. Hayo huweza kuvuruga redio, setilaiti na gridi za umeme, lakini yangefanya hivyo iwe Jua limetetemeka au halikutetemeka.

Ugumu mkubwa tulio nao sasa ni wa pembe ya kutazamia. Kupima mwendo kwa rangi ya mwanga hutupa tu sehemu ya mwendo inayoelekea kwetu au kutoka kwetu. Tetemeko likitokea katikati ya uso wa Jua tunaona gesi ikipanda na kushuka, lakini hatujui inakwenda vipi kwa ubavu. Likitokea ukingoni ni kinyume chake. Duara nyingi huwa kali upande mmoja na hafifu upande mwingine, na kwa kutazama kutoka mahali pamoja ni vigumu kujua kama chanzo kilisukuma kwa mshazari, kama kilikuwa kinatembea, au kama madoa ya jirani yalimeza sehemu ya wimbi. Chombo cha Solar Orbiter, kilichorushwa Februari 2020, kina kifaa cha aina hiyohiyo na hulizunguka Jua kwenye njia yake yenyewe. Mlipuko ukitokea mahali ambapo chombo hicho na SDO vyote vinapaona kutoka pande tofauti, na vyote viwili vikiwa vinapima kwa wakati mmoja, vipimo viwili vitatosha kutenganisha msukumo wa kwenda chini na wa kwenda ubavuni. Pigo la mshtuko kutoka juu linapaswa kuwa la kwenda chini karibu lote. Uga unaojipanga upya hauna sababu ya kufuata sharti hilo.